Deni Halifuati Bei ya Dhahabu

Reli ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda ilijengwa kwa sababu ya mgodi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa imepata mwamba wenye risasi, shaba, fedha na dhahabu, na kufikia mwaka 1950 treni ilikuwa inafika Mpanda kubeba mali hiyo. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Reli ipo hadi leo na watu wa Katavi wanaipanda kwenda Tabora. Mji nao upo, na umekua. Kilichoondoka ni ajira za mgodini.

Nimeanza na Mpanda kwa ajili ya namba moja: miaka kumi. Shahada ya jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au jiolojia tumizi Chuo Kikuu cha Dodoma, ni miaka minne. Kulipa mkopo wa masomo kunaweza kuchukua miaka mingine kumi, kama hesabu iliyo mbele itakavyoonyesha. Na migodi kadhaa ya siku hizi haikudumu zaidi sana ya ule wa Mpanda. Golden Pride ya Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufikia 2014 ulikuwa umefungwa. Tulawaka, kule Biharamulo, ulianza 2005 ukafungwa 2013. Buzwagi ya Kahama ulianza 2009 ukafika mwisho 2021. Kijana anaweza kuingia chuoni mgodi ukiwa mpya, akahitimu, akaajiriwa hapo hapo, na mgodi ukafungwa yeye akiwa bado anakatwa mkopo.

Sura hii inamhusu kijana wa Kigoma anayeitaka jiolojia au mojawapo ya ndugu zake: jiofizikia, jiolojia ya uhandisi, haidrojiolojia, jiolojia ya mafuta na gesi. Nataka asome fani hii. Mkoa huu unahitaji watu wa miamba na maji kuliko unavyojua wenyewe. Ila nataka aingie akiwa amepiga hesabu, kwa sababu ushauri anaopewa mtaani ni wa aina moja tu: mjomba aliyeko Geita amesimulia kwamba wajiolojia wa mgodini wanalipwa vizuri, wanapanda gari la kampuni, wanakula bure kambini. Mjomba hajasema uongo. Amewasimulia waliomo. Waliohitimu nao darasa moja na bado wanazunguka na vyeti, yeye hakutani nao kule mgodini.

Tuanze na deni lenyewe, maana wengi wanalisaini bila kuliona umbo lake.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi 2005. Inakopesha kwa kuangalia uwezo wa familia, hivyo watoto wawili wa darasa moja pale Ujiji wanaweza kupewa viwango tofauti kabisa. Fedha ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita bumu, ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Chukua siku 240 za mwaka wa masomo: hiyo ni milioni 2.4. Ongeza ada, ambayo kwa fani za sayansi katika vyuo vya serikali ni zaidi ya milioni moja, kisha vitabu, mafunzo kwa vitendo na mahitaji ya kitivo. Kwa aliyepata mkopo karibu wote, tukadirie milioni 4 kwa mwaka. Miaka minne, milioni 16.

Fani nyingi ni za miaka mitatu. Mwaka wa nne wa jiolojia una maana mbili kwenye mfuko: milioni nne zaidi za deni, na mwaka mmoja zaidi bila mshahara. Watu huhesabu ile ya kwanza wakaisahau ya pili.

Sasa kulipa. Sheria inampa mhitimu miaka miwili baada ya masomo kabla ya kuanza kudaiwa. Akiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, na isipungue shilingi 100,000 kwa mwezi.

Tuseme umeajiriwa na kampuni kwa mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 90,000. Kodi ya mapato inakuwa 80,500. Mkopo ni 135,000. Unabaki na 594,500, na hapo bado hujalipa chumba wala hujatuma chochote nyumbani. Kwa makato hayo, milioni 16 zinaisha baada ya miezi 119, karibu miaka kumi. Mwenye mshahara wa msingi wa milioni 2.4 anakatwa 360,000 na anamaliza kabla ya miaka minne. Aliyejiajiri akalipa kile kiwango cha chini cha laki moja anahitaji miezi 160, miaka zaidi ya kumi na tatu.

Hizi ni namba za leo, na ni nafuu kubwa. Hadi mwaka 2021 deni hili lilikuwa na tozo ya kutunza thamani ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa deni la milioni 16, hiyo ilikuwa shilingi 960,000 kwa mwaka, sawa na 80,000 kila mwezi. Mtu aliyelipa laki moja kwa mwezi alikuwa anapunguza deni lenyewe kwa elfu ishirini tu, na asiyelipa alikuwa anaangalia deni likinenepa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo siku ya Mei Mosi 2021. Maana yake kwa mwanafunzi wa jiolojia ni kubwa kuliko kwa mwanafunzi wa fani nyingine, kwa sababu mjiolojia huenda akakaa miaka bila kazi ya kudumu, na siku hizi miaka hiyo haimwongezei tozo ile. Mtu anayekushauri ukimbie mkopo kwa hofu ya zamani, mweleze kwamba sheria imebadilika.

Kwa hiyo deni la Bodi linabebeka. Kuna deni jingine ambalo halimo kwenye fomu yoyote, na kwa familia za huku ziwani ndilo zito.

Mtoto wa mvuvi wa Kibirizi au Katonga anapokwenda Dar es Salaam, nauli, godoro, simu na kompyuta mpakato vinatoka mahali. Vinatoka kwa mama aliyekausha dagaa mchangani na kuwauza kwa gunia, kwa shangazi mwenye mawese sokoni Mwanga, kwa kikundi cha kukopeshana. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Naunga mkono hatua hiyo. Lakini kwa nyumba iliyokuwa na mwanafunzi chuoni, miezi hiyo ilianza muhula ukiwa bado unaendelea. Kila shilingi iliyomfikia mwanafunzi wakati ule ilikopwa na mtu fulani, na mtu huyo anasubiri mhitimu apate kazi.

Bodi inasubiri miaka miwili. Nyumbani hawawezi kusubiri hata mwaka. Mdogo wako ameingia kidato cha tano, bati la jikoni limeoza, baba mkubwa amelazwa hospitali ya Maweni. Mhitimu wa ualimu anayejitolea shule ya kata anaishi kwao na anakula kwao. Mhitimu wa jiolojia anayetafuta kazi lazima asafiri hadi Mwanza, Geita, Kahama au Chunya, akapange chumba, akae karibu na kampuni, kwa sababu kazi ya miezi mitatu kwenye mtambo wa kuchoronga hutangazwa kwa mdomo na hupewa aliye karibu. Kutafuta kazi katika fani hii kuna gharama yake, na gharama hiyo haikopeshwi na Bodi.

Kwa nini basi kazi zenyewe zinakuja na kupotea? Hapa inafaa kukaa kidogo, maana mzazi akielewa mwendo huu ataelewa mengi.

Mgodi unaochimba unaendelea kuchimba hata bei ikishuka, mradi gharama zinarudi. Lakini mgodi unaajiri wajiolojia wachache. Wengi huajiriwa kwenye utafutaji: kampuni ndogo ambazo hazijauza hata gramu moja ya dhahabu, zinaendeshwa kwa fedha za wanahisa wa Toronto, London au Australia. Mjiolojia kijana anakaa kambini kwenye banda la kori, mbele ya trei zilizopangwa mistari ya kori, yaani mawe marefu ya duara yaliyotolewa chini kwa uchorongaji. Analowesha jiwe, analisogeza juani, analitazama kwa lenzi, anaandika kila sentimita iliyobadilika rangi, anaweka alama ya mahali pa kukata sampuli ipelekwe maabara. Ni kazi ya heshima. Siku bei ya dhahabu ikianguka, mwanahisa wa Toronto anaacha kutoa fedha, mtambo unazimwa, na banda linafungwa kwa kufuli. Utafutaji ndio wa kwanza kusimama na wa mwisho kuanza tena.

Septemba 2011 dhahabu ilifika takriban dola 1,900 kwa wakia. Kijana aliyeingia chuo mwaka huo alichagua vizuri kwa macho ya mwaka huo. Alihitimu 2015, na Desemba ya mwaka huo wakia moja ilikuwa karibu dola 1,050. Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha makinikia, yaani mchanga wa madini, nje ya nchi, na Septemba mwaka huo kampuni ya Acacia ikatangaza kupunguza shughuli za mgodi wake wa Bulyanhulu. Nchi ilikuwa na sababu za kudai haki yake, na mwaka 2020 ubia mpya wa Twiga kati ya serikali na kampuni ya Barrick ulikuwa umeanza kazi. Mhitimu wa 2015 aliishi hiyo miaka yote akisubiri.

Wenzake wa mafuta na gesi waliona makubwa zaidi. Kuanzia 2010 gesi iligunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari, kusini mwa nchi, hadi makadirio ya taifa yakafika futi za ujazo trilioni 57. Huku kwetu, mwaka huo huo wa 2010, kampuni ya Beach Petroleum ya Australia ilisaini mkataba wa kutafuta mafuta sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika, na miaka miwili baadaye ikapima tabaka zilizo chini ya maji kwa mitetemo. Vyuo vikafungua milango kwa fani za mafuta. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Kiwanda cha kusindika gesi kinachotarajiwa Lindi hakijajengwa hadi sasa. Uganda walipata mafuta yao 2006 katika bonde hili hili la ufa, na bomba lao la kilomita 1,443 linakuja Tanga, hivyo mtu asiseme bonde letu halina kitu. Ila mafuta yaliyo chini ya ziwa hayalipi mkopo wa mtu.

Leo dhahabu imepanda kupita kawaida. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Ndiyo maana naandika kwa msisitizo. Kijana anayejaza fomu akiangalia bei hii atahitimu baada ya miaka minne, na bei inayomhusu ni ya siku atakayohitimu.

Familia ya mvuvi inaelewa jambo hili kuliko profesa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika, na duka la mangi haliachi kuandika deni kwenye daftari kwa kuwa mwezi umetoka. Nyumba iliyopanga matumizi yake kwa mavuno ya usiku mmoja wa giza haifiki mwisho wa mwezi. Kanuni yangu ni hiyo hiyo: piga hesabu ya shahada kwa mshahara wa mwaka mbaya. Ukiona kwamba hata kwa laki tisa, na hata kwa miaka miwili ya kukaa bila kazi, nyumba yenu haitavunjika, nenda. Mwaka mzuri ukija utakuwa nyongeza.

Swali linalofuata ni tawi gani. Hapa nina msimamo, na nausema wazi: kwa mtoto wa Kigoma anayeogopa deni, maji na ujenzi vinakuja kabla ya dhahabu.

Fikiria Uvinza. Karibu na mahali Ruchugi inapokutana na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia walipochimba pale miaka ya 1960 walikuta dalili za watu kuchemsha chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wavinza waliiuza kwa misafara, Wajerumani wakaitwaa, kampuni zikabadilishana, na chumvi ikaendelea kutoka. Mgodi wa Mpanda ulidumu miaka kumi. Tofauti ni kwamba bei ya risasi na shaba ilipangwa London, na chumvi ilihitajika Kasulu, Tabora na Burundi, kila jikoni, kila siku.

Maji yako hivyo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa Kigoma. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa kwa sheria ya 2019, una kazi katika kila wilaya, na vijiji vya Kibondo, Kakonko na Buhigwe haviwezi kuteka maji ya ziwa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwepo tangu 1996, ikaongezewa mzigo na Warundi waliokimbia 2015, na maelfu kwa maelfu ya watu wamekunywa maji ya visima vilivyotafutwa na watu wa fani hii.

Kazi yenyewe inavutia kuitazama. Mtaalamu anapigilia vyuma vinne ardhini kwenye mstari mmoja. Viwili vya nje vinapeleka umeme, viwili vya ndani vinapima jinsi ardhi inavyoupokea. Kisha anasogeza vile vya nje mbali zaidi, na umeme unazama chini zaidi. Mwamba mkavu, kama lile jiwe jekundu la mchanga unaloliona kwenye magenge ya Kigoma, unaukataa umeme. Mwamba uliopasuka ukajaa maji unaupitisha. Shida ni kwamba udongo wa mfinyanzi nao unaupitisha, na mfinyanzi hautoi maji. Hapo ndipo shahada inapoonekana: fundi asiyejua jiolojia ya mahali atachimba mita themanini za mfinyanzi na kijiji kitakuwa kimelipia shimo kavu. Nimeona kijiji kikichangishana fedha ya kisima, kisha mtambo ukaondoka na kuacha bomba lisilotoa tone. Uchungu wa watu wale ndio ulionifanya niiweke sura hii kitabuni.

Sitamdanganya mtu kwamba maji hayana mawimbi. Fedha za wafadhili wa kambi zimepungua, na mwaka 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake duniani. Ajira za serikali nazo hupitia Sekretarieti ya Ajira, ambako waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Ila wimbi la maji halifuati wimbi la dhahabu, na mwenye ujuzi wa kupima maji anaweza kujiajiri. Shule, msikiti, mwenye hoteli, mkulima wa michikichi, wote hutafuta kisima. Mwenye ujuzi wa kori peke yake hana mteja mtaani.

Upande wa ujenzi niupitie haraka. Reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ilisainiwa Desemba 2022. Nyingine inatoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, kwenye nikeli. Kila daraja na kila tuta linataka mtu aliyepima udongo na mwamba kabla ya zege kumwagwa. Jiolojia ya uhandisi haina sifa mitaani kama dhahabu, lakini barabara na mabwawa hujengwa hata dhahabu ikishuka.

Kuna pia njia ya utafiti, ambayo wazazi wengi hawaijui kabisa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Arizona, chini ya Andrew Cohen, kilileta Kigoma mradi wa mafunzo ulioitwa Nyanza, uliowakutanisha wanafunzi wa Marekani na wa Afrika kwenye ziwa hili. Walizamisha mabomba kwenye matope ya chini, wakasoma tabaka zake kama kurasa. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 na umri wa mamilioni ya miaka, na matope yake yametunza habari za mvua na joto ambazo hakuna daftari lililoandika. Mwaka 2003 timu ya mtafiti Catherine O'Reilly ilieleza kwamba kupata joto kwa ziwa kumepunguza uzalishaji wake kwa takriban asilimia 20, na kwamba hilo lingeweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Mvuvi wa Ujiji aliyekuwa akilaumu bahati alikuwa na jibu lake ndani ya matope yale.

Kwa upande wa fedha, utafiti una jambo moja la kulijua. Marekani na sehemu za Ulaya, mwanafunzi wa uzamili au uzamivu wa sayansi hizi mara nyingi hulipiwa ada na hupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Hakopi. Mtu mwenye ufaulu wa juu katika shahada ya kwanza anaweza kuendelea miaka mingi bila kuongeza deni, ingawa posho hiyo haitoshi kujenga kwao. Nyumbani nako, tangu 2022/23 kuna ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi mitihani ya sayansi ya kidato cha sita. Huo ni ruzuku, haurejeshwi. Binti wa mchepuo wa PCM au PGM mwenye alama za juu asijaze fomu ya mkopo kabla ya kuangalia huko.

Nimeweka mwisho njia ninayoipenda zaidi kwa nyumba zenye kipato kidogo, na najua wazazi wengine watanuna. Stashahada. Chuo cha Maji, Dar es Salaam, kinafundisha haidrojiolojia na uchimbaji wa visima. Chuo cha Madini Dodoma kinafundisha jiolojia na utafutaji wa madini. Kijana wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa sayansi anaweza kuanzia hapo, akatoka fundi sanifu akiwa na umri ambao mwenzake ndiyo kwanza anaingia mwaka wa kwanza au wa pili wa shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika maeneo yaliyopewa kipaumbele, na madini na sayansi za ardhi yamo. Anafanya kazi, anajua kama anapenda jua na vumbi, kisha anarudi kusoma shahada akiwa na fedha yake na watu wanaomjua. Kwenye mtambo wa kuchoronga, fundi sanifu anayejua kazi hubaki pale mhitimu mpya anapoambiwa asubiri kupigiwa simu. Wazazi wetu wamezoea kuona stashahada kama adhabu ya kufeli. Naomba waitazame kama mwaka wa mshahara uliokuja mapema.

Anayeamua kwenda moja kwa moja shahada, basi mafunzo kwa vitendo ayafanye nyumbani walau mara moja: bodi ya bonde, RUWASA, miradi ya reli, kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI. Atalala kwao, atatunza posho, na atafahamika na watu watakaokuwa wakitafuta msaidizi siku mkataba wa visima ukitoka.

Na kabla ya kusaini, kaeni kikao. Fomu ya mkopo inadai mdhamini, kwa kawaida mzazi au mlezi, naye aweke sahihi yake akijua anasaini nini. Mama atauliza swali lake: "Mwanangu, utaanza kutuma lini?" Usimjibu kwa mshahara wa mjomba wa Geita. Mwambie: miaka minne ya chuo, kisha labda miwili ya kutafuta, na katika hiyo miwili huenda nikahitaji nauli kutoka kwenu badala ya kuwatumia. Kama nyumba ina mtoto mwingine anayeingia kidato cha tano katika miaka hiyo, mkubaliane hapo hapo nani atamlipia, na kiasi gani, na kiandikwe.